Mlaji Kwanza, Mbegu Baadaye: Mazungumzo Kuhusu Kilimo cha Uyoga

(Mazungumzo mbele ya vikundi vya kuweka na kukopa pamoja na wastaafu, mjini Moshi. Yameandikwa upya kidogo ili yasomeke.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa vikundi, mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema: wakubwa shikamooni, wenzangu habari za asubuhi.

Katibu aliniomba nizungumzie namna ya kulima uyoga. Nitafika huko. Ila nitapanga mambo kinyume na mlivyozoea kwenye semina. Semina nyingi za uyoga huanza na mbegu, zikaenda kwenye banda, zikaingia kwenye faida za uyoga mwilini, na soko likaja kutajwa dakika tano kabla ya chai kwa maneno mawili: "soko lipo". Mimi naanza na soko, na huenda nikakaa hapo muda mrefu kuliko mnavyopenda.

Sababu ni hii. Mahindi ukivuna ukakuta bei mbaya, unayafungia kwenye magunia na kusubiri. Kahawa inasubiri. Maharage yanasubiri. Uyoga mamama, ule wenye umbo la sikio, ukikatwa leo asubuhi na ukakaa nje ya friji kwenye joto hili la Moshi, kesho kutwa unaanza kutoa maji na harufu. Ndani ya friji unapata siku tano, ukibahatika saba. Kwa hiyo mkulima wa uyoga asiye na mnunuzi siku ya kuvuna hawezi kukataa bei yoyote anayotajiwa. Atauza kwa bei ya mchicha, au atagawa kwa majirani huku akitabasamu kwa uchungu.

Sasa nani anakula uyoga hapa kwetu? Nikiuliza hivyo, jibu la kwanza huwa "hoteli". Ni kweli, wageni wanaokuja kupanda Mlima Kilimanjaro wanaujua uyoga, na wapishi wa hoteli wanajua kuupika. Lakini hoteli ina tabia zake. Inataka kilo zile zile kila wiki, siku ile ile, si kilo thelathini wiki hii na samahani wiki ijayo. Ukikosa mara mbili, mpishi anarudi kwenye uyoga wa kopo. Halafu hoteli hulipa mwisho wa mwezi, na mwezi wa hoteli unaweza kuwa na siku sitini. (Kicheko.) Wanaocheka sana nawafahamu, ndio wanaopeleka mbogamboga huko.

Kuna jambo jingine kuhusu hoteli ambalo halisemwi. Wageni wa mlima huja kwa wingi Januari hadi mapema Machi, wakaja tena Juni hadi Oktoba. Aprili na Mei, mvua za masika zikishuka, vyumba vinabaki vitupu. Na masika ndiyo msimu ambao uyoga wako utastawi kuliko wakati wowote, kwa sababu hewa ina unyevu na joto limepungua, huna haja ya kunyunyizia maji mara tatu kwa siku. Kwa hiyo banda linajaa wakati mnunuzi wako mkubwa amefunga jiko. Mtu akikuletea mchanganuo wa biashara ya uyoga unaoonyesha mauzo sawa kila mwezi wa mwaka, mrudishie karatasi yake.

Soko ambalo watu hawalitazami liko karibu zaidi. Ijumaa za Kwaresima Wakatoliki hawali nyama, na parokia za mkoa huu mnazijua zilivyo nyingi. Upareni wapo Wasabato wengi, na kati yao wapo walioacha nyama kabisa. Mjini kuna familia za Kihindi ambazo hazijawahi kuingiza nyama jikoni. Hawa si watalii, wapo masika na kiangazi, na wanalipa papo hapo.

Halafu kuna Desemba. Hapa sina haja ya kueleza sana. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanajaa wiki mbili kabla, nyumba ya Rombo au Machame iliyokuwa na bibi na mjukuu mmoja inakuwa na watu kumi na watano, na kila mtu ana fedha kidogo mfukoni na hamu ya kula vya nyumbani. Siku ya kwanza nyama, siku ya pili nyama, siku ya tatu hata mbuzi mwenyewe angewahurumia. Hapo machalari (ndizi za kupikwa na mchuzi) ya uyoga yanapokelewa kwa mikono miwili. Aliyepanda mifuko yake ya majani na mbegu za uyoga katikati ya Novemba anavuna wiki ya Krismasi. Na ndugu wakianza kurudi Dar, mfungashie kila mmoja pakiti ya uyoga mkavu: huo hauozi njiani, na unakuletea mteja wa mjini bila nauli.

Naomba sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Chukueni mfuko mmoja wenye kilo moja ya majani makavu, uzito wa kabla ya kuloweka. Ukitunzwa vizuri utatoa kati ya nusu kilo na robo tatu ya uyoga mbichi, pengine zaidi kidogo, kwa mikupuo mitatu, yaani mavuno matatu yanayofuatana, ndani ya miezi miwili hivi. Mikupuo hiyo hailingani. Wa kwanza peke yake unaweza kutoa karibu nusu ya mavuno yote, wa pili unapungua, wa tatu ni wa kumalizia.

Kikundi kikipata mafunzo ya siku moja, wanachama wanapanda mifuko yote siku hiyo hiyo, kwa sababu mwalimu yupo na mbegu zipo. Tuseme mifuko mia mbili. Mkupuo wa kwanza unawaletea kilo hamsini, hata sabini, ndani ya siku nne au tano. Kilo sabini za kitu ambacho kinaoza! Wanazunguka nacho soko la Mbuyuni, wanapiga simu hoteli, wanashusha bei. Baada ya hapo wiki nzima hakuna kitu, na mteja aliyekuwa ameanza kuwazoea akipiga simu anaambiwa asubiri.

Mifuko kumi na miwili kila wiki inashinda mifuko mia mbili kwa siku moja. Ukipanda kumi na miwili kila Jumamosi bila kukosa, baada ya miezi mitatu hivi banda lako linakuwa na mifuko ya kila umri, na unavuna kilo sita hadi tisa kila wiki. Hizo zinatosha hoteli moja ndogo na majirani wachache. Kama wateja wameongezeka, ongeza mifuko minne kwa wiki. Ni kazi ya kuchosha akili kidogo, kwa sababu hakuna siku ya sherehe ya kupanda wala ya kuvuna. Ila ndiyo biashara.

Tuje kwenye aina. Nimeona kwenye mwaliko mmeandika "uyoga wa bei", na najua mnachotamani: shitake, uyoga wa waridi, na huu wenye manyoya kama ndevu za mzee ambao vijana wanaonyeshana kwenye simu. Nitasema wazi mtazamo wangu.

Anzeni na mamama, ule wa kijivu au mweupe wenye umbo la sikio. Hauchagui chakula. Unakula majani ya mpunga, mabua ya mahindi, majani makavu ya migomba, maganda ya maharage, pumba za kahawa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameuotesha mpaka kwenye mabaki ya mkonge. Tangu kupanda hadi kuvuna ni wiki tano hivi. Uliingia kwenye kilimo kwa sababu ya njaa: mwaka 1917, Ujerumani ikiwa vitani, mtaalamu aitwaye Richard Falck aliandika namna ya kuuotesha kwenye visiki vya miti ili watu wapate chakula. Leo mgahawa mkubwa unaupamba kwenye sahani kubwa vipande vitatu na kukutoza bei ya kuku mzima.

Uyoga wa waridi ni ndugu yake. Unapenda joto, kwa hiyo unafaa hapa mjini na hata Tanga au Dar kuliko ule wa kijivu. Tatizo ni kwamba unanyauka upesi mno, siku moja au mbili tu, na ukipikwa ile rangi iliyokuvutia inapotea. Uoteshe kama mteja wako yuko umbali wa pikipiki.

Shitake ni habari nyingine. Wachina na Wajapani wameuotesha kwenye magogo kwa karne nyingi. Siku hizi wengi hutumia maranda ya mbao yaliyochanganywa na pumba na kufungwa kwenye mifuko. Unapenda baridi, kwa hiyo watu wa Marangu juu, Lushoto au Njombe wana nafasi kuliko mimi. Utasubiri: kwenye maranda miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuona uyoga, kwenye magogo mwaka na zaidi. Lakini shitake ukikauka harufu yake inaongezeka, na wapishi wengine wanautaka mkavu kuliko mbichi. Lile tatizo la kuoza upesi nililoanza nalo, shitake unalitatua wenyewe. Ndiyo maana nasema mtu wa milimani mwenye subira na kipato kingine asiudharau. Asiye na subira auache.

Vifungo, wale weupe wa duara mnaowaona kwenye kopo, mimi siwashauri kabisa. Wanataka mboji ya samadi iliyoiva kwa utaratibu mkali, udongo wa kufunika juu, na ubaridi wa nyuzi 16 hadi 18. Bila mashine ya kupooza hewa utaishia kulipa bili ya umeme. Hata hivyo historia yao ina jambo la kutufaa. Huko Kennett Square, Pennsylvania, Marekani, mwaka 1885 mkulima wa maua aitwaye William Swayne alikuwa na banda la kuoteshea maua, na chini ya meza za maua kulikuwa na nafasi isiyotumika. Akaagiza mbegu za uyoga akaziotesha humo chini. Leo eneo lile linaitwa mji mkuu wa uyoga duniani, na Pennsylvania inazalisha zaidi ya nusu ya uyoga wote wa Marekani. Yule bwana hakujenga kitu kipya kwanza. Stoo ya zamani ya kahawa, banda la kuku lililobaki wazi, chumba cha uani ambacho mpangaji alihama: hivyo vinatosha kuanzia, mradi vioshwe kwa dawa na kupakwa chokaa.

Haya, tuingie kwenye kazi yenyewe.

Majani yako ya mpunga utayapata Chekereni na vijiji vya mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya chini, wengine huko bado wanayachoma moto. Chagua makavu, ya rangi ya dhahabu, yasiyo na ukungu. Yaliyonyeshewa yakalala nje yana wenyeji tayari, na wenyeji hao watakula kabla ya uyoga wako. Katakata vipande vya urefu wa vidole viwili vitatu, loweka usiku kucha, chuja.

Kisha unaua vimelea. Njia iliyozoeleka ni pipa la lita mia mbili, maji kidogo chini, majani juu kwenye magunia, funika, vukiza kwa muda wa saa nne mpaka sita. Inafanya kazi vizuri. Lakini hesabuni kuni. Tunaishi chini ya mlima ambao misitu yake ndiyo inayotupa maji, na sioni maana ya kukata mti wa miaka ishirini ili nipate mboga ya wiki mbili. Huko Fujian, Uchina, ndivyo ilivyokuwa: uyoga wa magogo ulikula misitu mpaka mtaalamu wa pale, Profesa Lin Zhanxi, akaanza miaka ya 1980 kuotesha uyoga kwenye majani badala ya miti. Teknolojia hiyo inaitwa Juncao, na imefika hadi Rwanda, pale Huye. Majani yenyewe ni jamaa ya mabingobingo tunayolishia ng'ombe.

Njia isiyo na moto ni chokaa. Maji baridi, chokaa ya kupakia nyumba gramu tatu hadi tano kwa kila lita, koroga, zamisha majani kwa muda wa saa kumi na mbili mpaka kumi na nane, toa, acha yachuje mpaka yaache kudondosha. Chokaa inayafanya maji kuwa makali kiasi kwamba vimelea vingi havivumilii, ilhali uyoga mamama unavumilia. Angalizo mawili. Chokaa ya shambani, ile ya kupunguza tindikali kwenye udongo, haifanyi kazi hii. Mnaweza kumwaga gunia zima na maji yasibadilike. Na vaeni glavu, kwa sababu chokaa ya nyumba inababua mikono na ikiruka jichoni ni safari ya hospitali.

Unyevu pimeni kwa mkono. Shika konzi ya majani, minya kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, sawa. Maji yakitiririka, subiri. Yasipotoka kabisa, nyunyizia.

Mbegu za uyoga si mbegu kwa maana ya maharage. Ni punje za mtama au ngano zilizochemshwa ambazo uyoga umetandaa juu yake ndani ya chupa au mfuko. Nunueni panapozalishwa kwa maabara. Jirani zetu Kenya, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pale Juja kimekuwa kikizalisha kwa muda mrefu, na hapa nchini kuna vyuo, vituo vya utafiti na watu binafsi. Chupa nzuri ni nyeupe pote, inanukia uyoga. Ukiona doa la kijani au jeusi, au ukafungua ikanuka uchachu kama togwa lililolala, rudisha. Usikubali maneno kwamba "sehemu ya juu bado nzima". Na msijaribu kuizalisha mbegu kwa kuchukua punje za mfuko wa zamani, kisha za mfuko huo, kisha za huo mwingine: kila kizazi kinachoka, na siku moja mifuko inakuwa myeupe vizuri na uyoga haujitokezi.

Kupanda: nawa mikono, ipake spiriti, funga madirisha upepo usipeperushe vumbi. Tabaka la majani, mbegu pembeni, tabaka la majani, mbegu pembeni, mpaka mfuko ujae, shindilia, funga. Kwa kilo kumi za majani yaliyolowa, mbegu nusu kilo hivi. Kuna mama aliniuliza pale nje kama mifuko hii haijapigwa marufuku. Mama, katazo la Juni 2019 lilihusu mifuko ya kubebea bidhaa, zile rambo. Vifungashio vya kilimo na viwanda havikuguswa. Lakini wakati wa kuuza, msitafute rambo kwa njia za panya. Uyoga ukifungwa kwenye plastiki isiyopumua unatoa jasho na kuoza kabla haujafika Kiboriloni. Kikapu kilichotandikwa karatasi, au boksi lenye matundu, vinafaa zaidi.

Wiki tatu hadi nne za mwanzo, mifuko inakaa gizani. Utando mweupe unatambaa mpaka mfuko wote uwe kama umepigwa chokaa. Wakati huu kazi yako ni kuangalia na kutogusa. Mfuko wenye kijani unautoa nje ukiwa umefungwa, unaufukia mbali. Usiufungue humo bandani ili umwonyeshe jirani: ile kijani ni vumbi la mbegu za ukungu, na ukiufungua umeipandia mifuko yote iliyobaki.

Ukishakuwa mweupe, unatoboa matundu au kuchana, unahamishia kwenye mwanga wa kutosha kusoma gazeti, unanyunyizia sakafu na kuta, na unafungua hewa. Hewa ndiyo inayosahaulika. Uyoga unapumua kama sisi, unavuta hewa safi na kutoa chafu. Watu wanasikia "unyevu, unyevu", wanaziba kila tundu kwa nailoni, halafu wanaleta picha ya uyoga wenye shina refu kama kalamu na kofia ndogo kama kifungo cha shati, wakiuliza ni ugonjwa gani. Si ugonjwa, umekosa hewa unaitafuta. Weka neti kwenye madirisha, wale inzi wadogo weusi wasiingie kutaga, na acha upepo upite.

Vile vichwa vidogo vikianza kutokeza, uyoga unakua haraka kiasi cha kutisha: siku tatu mpaka tano umekomaa, na siku za mwisho unaweza kuuacha asubuhi ukaukuta jioni umekuwa mwingine. Kata kabla kingo za kofia hazijageuka juu. Ukichelewa, unamwaga vumbi jeupe, na vumbi hilo si la mchezo. Mtu anayelivuta kila siku anaweza kupata kikohozi, homa na kubanwa kifua. Vaeni barakoa mnapovuna, zile zilizobaki majumbani tangu korona zinafaa kabisa.

Mzee mmoja alinisimamisha mlangoni akaniambia kwamba uyoga wa kupanda haufiki ladha ya ule wa porini. Mzee wangu, sina ubishi nawe. Ule unaouzwa kando ya barabara Tabora au Iringa mvua zikianza una ladha ambayo hatutaifikia, na wengi wa aina hizo haupandiki, kwa sababu unaishi kwa kushikana na mizizi ya miti ya miombo. Ukikata miombo, uyoga umekwenda. Ule wa kwenye vichuguu nao haupandiki na binadamu, ingawa unapandika: wakulima wake ni mchwa, wanaulima chini ya ardhi kwenye masega yao, na wamekuwa kwenye kazi hiyo kwa miaka ipatayo milioni thelathini. Upo mmoja wa jamii hiyo, Zambia na Katanga, ambao kofia yake inaweza kufika upana wa mita moja. Mtoto anaweza kujikinga nao mvua.

Lakini nikitaja porini lazima niseme hili. Zipo aina zinazoua. Ile mibaya zaidi inakaa kimya saa sita, saa kumi na mbili, hata zaidi, ndipo unaanza kutapika na kuhara. Kisha unapata nafuu, unadhani imepita, wakati ini linaharibika. Kuchemsha hakuondoi sumu yake. Ule mtihani wa kuchemsha na kitunguu au shilingi uone kama vitabadilika rangi ni uongo. Kwamba konokono ameula, ni uongo. Na hata bandani kwenu, mara nyingine utaota uyoga ambao hamkuupanda, mwembamba, wa kijivu, unaoyeyuka kuwa wino mweusi. Kisichofanana na mlichopanda, kitupeni. Mteja mmoja akiugua tumbo, sote tuliomo humu tumefunga biashara.

Kukausha sasa, kwa wale wa masika. Kilo kumi mbichi zinatoa kilo moja kavu, kwa hiyo bei ya kavu lazima iwe zaidi ya mara kumi ya mbichi, la sivyo umejikausha mwenyewe. Chana vipande vyembamba, tandaza pasipo kugusana, mpaka kipande kikivunjwa kilie. Shida ni kwamba mnahitaji kukausha zaidi wakati ambao jua halipo. Kaushio la pamoja la kikundi, la umeme au lenye jiko la mkaa chini na feni, ndicho kitu pekee ambacho ningekubali mnunue kabla hamjawa wakubwa. Uyoga ukianikwa juani matumbo, yaani upande wa chini wa kofia, yakitazama juu unaongeza vitamini D, hilo ni kweli na mnaweza kuliandika kwenye pakiti. Msiandike kwamba unaponya kisukari na saratani. Ni mboga nzuri yenye protini kuliko mchicha. Yatosha. Na pakiti ikitaka kuingia supamaketi, nendeni TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Tangu 2019 mambo ya vyakula yamehamia kwao.

La mwisho ni watu wenye suti. Mnawakumbuka waliowauzia watu kware, mayai yakawa dawa ya kila kitu, na baada ya mwaka mmoja kware wakawa wanagawiwa bure? Kwenye uyoga nako watakuja. Watawauzia banda, mbegu na mafunzo kwa pamoja, na mkataba wa kununua mavuno yote kwa bei nzuri. Waulizeni maswali mawili tu: uyoga mlionunua mwezi uliopita mliuza kwa nani, na tunaweza kwenda kumuona? Kama faida yao inatoka kwenye kuwauzia ninyi mbegu, uyoga wenu hauwahusu.

Kuhusu mkopo, kwa kuwa najua mmenialika kwa sababu mfuko wa kikundi una fedha: mifuko ya kwanza ipandwe kwa fedha ya chai. Kila mwanachama sita, uani kwake, kwa miezi mitatu. Kwa wastaafu ambao hawatafuti biashara bali kitu cha kuamkia asubuhi, sita hiyo hiyo inatosha maisha yote, familia inakula mara mbili kwa wiki na mifuko iliyochoka inakuwa mbolea ya bustani. Wanaotaka kuuza, waandike kwenye daftari majina ya watu waliokula na kurudi kuomba tena kwa fedha. Daftari likifika majina kumi, ndipo tukutane tuzungumze mkopo, na mje nalo.

Pale mezani nyuma kuna chupa za mbegu, mbili nzima na moja niliyoiacha ichafuke makusudi. Zinuseni zote, mjue tofauti, lakini ile chafu msiifungue humu ndani. Na mzee wa kofia ya kijani amenyoosha mkono tangu nilipotaja hoteli kulipa kwa siku sitini. Mwenyekiti, naomba apewe kipaza sauti.